Kimya Kingi, Kura Chache

Jioni ya tarehe 15 Agosti 2022, katika ukumbi wa Bomas jijini Nairobi, baada ya siku sita za kungoja ambazo nchi nzima ilikuwa imetega sikio, mwenyekiti wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, Wafula Chebukati, alitangaza hesabu mbili: William Ruto kura 7,176,141, na Raila Odinga kura 6,942,930. Baina yao palikuwa na kura 233,211, ambazo, zikipimwa juu ya kura halali zaidi ya milioni 14.2, hazifiki hata 2 katika kila 100. Tangu siku ile mengi yamesemwa juu ya hesabu hizo mbili, mahakamani na barazani, kwa furaha na kwa ghadhabu. Lakini iko hesabu ya tatu, kubwa kuliko zote mbili, ambayo hapana aliyeishangilia wala aliyeilalamikia. Ni hesabu ya watu takriban 7,790,000 walioandikwa katika daftari la wapiga kura ambao, siku ilipowadia, hawakufika kituoni. Kundi hilo lilizidi kundi lililompa mshindi urais kwa watu wapatao laki 6.

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Nia ya makala haya ni kuutafuta mshindo huo ndani ya hesabu za uchaguzi, kwa kuwa ninayo yakini kwamba wingi wa wanaojitokeza na wembamba wa matokeo ni mambo mawili ambayo aghalabu hujadiliwa mbalimbali, ilhali hayafahamiki ila yakisomwa pamoja. Na kwamba taifa linalogombana juu ya kura chache zilizomwinua mmoja na kumshusha mwingine, bila kuuliza habari za mamilioni waliobaki majumbani, linabishana juu ya wakia na kuziacha ratili zikipotea.

Kwanza yafaa tuvijue vipimo vyenyewe. Mahudhurio ya wapiga kura huhesabiwa kwa kuwalinganisha waliopiga kura na walioandikwa daftarini, na hapo ndipo kosa la kwanza hujificha, maana daftari si umma. Ndani yake mna marehemu ambao majina yao hayajafutwa, mna waliohamia ng'ambo, na nje yake wamo watu wazima wengi ambao hawakwenda kujiandikisha kamwe. Tume iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini, iliyopewa kazi ya kuuchunguza uchaguzi wa Kenya wa mwaka 2007, ilikuta kwamba daftari la mwaka ule lilikuwa limejaa majina ya wafu, na kwamba takriban thuluthi ya raia waliostahiki kuwamo hawakuwamo, hasa wanawake na vijana. Basi asilimia ya daftari haiwi asilimia ya nchi: daftari chafu huyapunguza mahudhurio kwa kuwahesabu wafu pamoja na watoro, na daftari pungufu huyapandisha kwa kutowahesabu kabisa wale waliokata tamaa mapema, kabla hata ya kujiandikisha.

Ama tofauti ya kura, nayo ina sura mbili ambazo msomaji asipozitenganisha atapotea. Sura ya kwanza ni umbali baina ya mshindi na anayemfuata. Sura ya pili ni umbali baina ya mshindi na kizingiti kilichowekwa na sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara yake ya 138, yataka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na pamoja na hayo angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, la sivyo pawe na duru ya pili. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alipata kura 6,173,433, akamwacha Odinga kwa kura zaidi ya laki 8, umbali ambao kwa macho ya kawaida ni mkubwa. Lakini juu ya kizingiti cha nusu alikuwa amepita kwa kura 8,419 tu, katika kura 12,330,028 zilizohesabiwa. Mtu aliyetazama sura ya kwanza aliona ushindi mpana, na aliyetazama ya pili aliona uzi wa buibui. Mwaka 2022 mambo yalikaribiana zaidi kwa sura ya kwanza, na kwa sura ya pili Ruto alipita nusu kwa kiasi cha kura 70,000.

Wembamba wa namna hii huyapa mambo madogo nguvu kubwa kuliko umbo lake. Katika uchaguzi ule wa 2013 kulikuwa na kura 108,975 zilizokataliwa, ama kwa alama isiyosomeka, ama kwa karatasi iliyotiwa katika sanduku lisilo lake. Na swali lililoonekana kuwa la makarani tu, yaani kama kura iliyoharibika ni kura iliyopigwa, likawa swali la kuamua kama nchi irudi debeni au isirudi. Mahakama ya Juu ilihukumu kwamba kura zilizokataliwa zisiingizwe katika hesabu ya nusu, na kwa hukumu hiyo sehemu ya mshindi ikapanda kutoka asilimia 50.07 mpaka 50.51. Katika mwaka wa ushindi mpana hapana ambaye angalikumbuka kuuliza swali hilo. Katika mwaka wa ushindi mwembamba, neno moja la sheria lilikuwa na uzito kuliko jimbo zima.

Sasa na tuviweke vipimo viwili pamoja. Mwaka 2013 walioandikwa walikuwa 14,352,533, na waliojitokeza walikuwa karibu 86 katika kila 100, hata waliobaki nyumbani hawakuzidi sana milioni 2. Mwaka 2022 daftari lilikuwa limekua likafika majina 22,120,458, lakini waliojitokeza walikuwa 65 katika kila 100, na waliobaki, kama nilivyotaja, walikaribia milioni 7.8. Kwa muda wa miaka tisa, basi, daftari liliongezeka kwa nusu yake na zaidi kidogo, na kimya kikaongezeka karibu mara nne. Kenyatta alipoapishwa mwaka 2013 alikuwa amechaguliwa na watu 43 katika kila 100 waliokuwa daftarini. Ruto, mwaka 2022, na watu 32, yaani pungufu ya thuluthi. Wote wawili walitimiza sheria kikamilifu, wala sisemi hayo ili nimpunguzie yeyote haki yake. Nasema ili ionekane kwamba maneno yale yale, nusu na zaidi, yaweza kubeba ridhaa ya watu wengi au ya watu wachache, kwa kadiri ya waliokuja.

Watu wa pwani wana sababu ya kulitazama jambo hili kwa jicho la karibu. Mombasa, mji uliokuwa na wapiga kura zaidi ya 640,000 walioandikwa, ulikuwa na mahudhurio ya chini kabisa mwaka 2022: waliofika kituoni hawakutimia hata nusu. Kwa hiyo waliobaki majumbani Mombasa peke yake, mbali na Kilifi na mbali na Nairobi, walizidi 320,000, na tofauti iliyoamua urais ilikuwa 233,211. Hesabu hii ina utamu wa hatari, na lazima ishikwe kwa insafu. Waliopiga kura Mombasa walimpa Odinga takriban kura 3 katika kila 5. Na kama waliobaki wangaligawanyika kama wenzao walivyogawanyika, wangalimwongezea kiasi, na Ruto naye wangalimwongezea kiasi, na mwisho wake tofauti ingalipungua bila kufutika. Mombasa peke yake isingalimgeuza mshindi. Lakini miji miwili au mitatu ya namna hiyo ingaliweza kuipeleka nchi katika duru ya pili, na duru ya pili ni uchaguzi mwingine. Huu ndio mshindo wa kimya: hakimchagui mtu, ila hupanga mahali pa kusimamia mizani kabla ya kura ya kwanza kutiwa ndani yake.

Na wanasiasa wanalijua hilo kuliko wanavyolikiri. Mahali ambapo kila upande una ngome zake, na ambapo mwananchi wa ngome hii ni mgumu kubadili rai yake akamfuata wa ngome ile, kampeni huacha kuwa kazi ya kuwashawishi wasioamini, ikawa kazi ya kuwatoa walioamini majumbani mwao. Mwaka 2013 Nyeri na Kiambu, ngome za Kenyatta, ziliamka alfajiri, waliojitokeza wakazidi 90 katika kila 100, na pwani ikabaki nyuma sana; ushindi uliopita kizingiti kwa kura 8,419 ulikuwa, kwa kweli, ushindi wa foleni ndefu juu ya foleni fupi. Hapo pia pana hatari yake, maana mahudhurio yanapokuwa ndiyo silaha, huzuka tamaa ya kuyatengeneza. Tume ya Kriegler ilitia shaka mahudhurio ya kupita kiasi yaliyoonekana mwaka 2007 katika ngome za pande zote mbili, mahali ambapo wakala wa upande wa pili hakuthubutu kukaa. Na ikakata shauri kwamba uendeshaji wa uchaguzi ule uliharibika hata isiwezekane kumjua mshindi wa haki ni nani.

Baada ya hayo mtu ataweza kudhani kwamba dawa ya wembamba ni upana, na kwamba rais aliyeshinda kwa kishindo huwa na amani. Sivyo. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, kwa rai ya majaji wanne dhidi ya wawili, ilibatilisha uchaguzi wa urais uliofanyika Agosti. Ukarudiwa tarehe 26 Oktoba, Odinga akaususia, na Kenyatta akapata kura 98 katika kila 100. Lakini waliopiga kura hawakufika hata 40 katika kila 100, na mshindi alipata kura chache kuliko zile alizozipata Agosti. Upande wa Tanzania, mwaka 2010, Jakaya Kikwete alishinda kwa karibu asilimia 63, ushindi usio na ubishi wa hesabu. Ila kati ya watu zaidi ya milioni 20 walioandikwa, waliopiga kura walikuwa milioni 8.6, ambapo miaka mitano nyuma mahudhurio yalikuwa yamepita 70 katika kila 100. Kishindo cha namna hii hutoka katika chumba kilichohamwa: sauti hurudi kubwa kwa sababu hamna watu wa kuipokea.

Mfano unaopinda upande wa pili ni Zanzibar, ambako watu hupiga kura kwa wingi na matokeo huwa membamba, na ambako kumbukumbu ya kura moja haijafa. Katika uchaguzi wa Januari 1961 jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa kura moja tu. Kwa kiti hicho pande mbili zikalingana, 11 kwa 11, serikali ikashindwa kuundwa, uchaguzi ukarudiwa mwezi Juni, na damu ikamwagika. Hakuna haja ya kumhubiria Mzanzibari kwamba kila kura ina thamani. Mwaka 1995 Salmin Amour alitangazwa rais kwa kura 165,271 dhidi ya 163,706 za Seif Sharif Hamad, tofauti ya kura 1,565. Mwaka 2010 Ali Mohamed Shein alitangazwa kwa tofauti ya kura 3,471 dhidi ya Seif yule yule. Wembamba ulikuwa wa namna moja, na mahudhurio yalikuwa makubwa mara zote mbili, lakini hatima zikaachana kama mashariki na magharibi. Baada ya 1995 ilifuata miaka ya kususiana na kunyimana salamu, hata ugomvi ulipoendelea katika uchaguzi uliofuata watu wakauawa Januari 2001 na wengine wakavuka bahari kukimbilia Shimoni. Baada ya 2010 Seif alikubali matokeo, akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais.

Kilichobadilika kati ya miaka hiyo ni nafasi ya aliyeshindwa. Mwishoni mwa 2009 Rais Amani Karume wa Zanzibar na Seif Sharif walikaa pamoja katika yale yaliyoitwa Maridhiano, na tarehe 31 Julai 2010, kabla ya uchaguzi wenyewe, wananchi wakaulizwa kwa kura ya maoni kama wataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na theluthi mbili wakajibu kwamba wanaitaka. Kwa hiyo aliyepungukiwa kura 3,471 alikuwa anajua, tangu kabla ya kuhesabiwa, kwamba nusu ya nchi iliyomchagua haitatupwa baharini. Mpango huo haukuwa na kinga ya milele, kama yalivyoonyesha mambo ya Oktoba 2015, matokeo yalipofutwa na uchaguzi wa marudio kususiwa. Lakini kwa muda ule ulithibitisha kwamba kura chache hazina budi kuzaa fitina pale tu ambapo zinampa mmoja kila kitu na kumnyima mwingine kila kitu.

Jambo la pili linalotenganisha wembamba wa amani na wembamba wa maafa ni ubayana wa hesabu. Desemba 2007 Mwai Kibaki alitangazwa mshindi kwa kura 231,728, tofauti inayokaribiana mno na ile ya 2022. Lakini hesabu za majimbo zilikuwa zimegeuka njiani, mwenyekiti wa tume ya wakati ule akasema hadharani kwamba yeye mwenyewe hajui ni nani aliyeshinda, na nchi ikawaka moto uliowaua watu zaidi ya 1,100 na kuwahamisha mamia ya maelfu, mpaka tarehe 28 Februari 2008 ulipotiwa saini mkataba wa kugawana madaraka kwa usuluhishi wa Kofi Annan. Mwaka 2022 makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo saa ile ile yalipokuwa yakitangazwa, jambo ambalo mwaka 2007 lingalitosha kuizamisha jahazi. Tofauti ni kwamba safari hii Fomu 34A ya kila kituo, yenye kura zilizohesabiwa mbele ya mawakala, ilikuwa imewekwa wazi kwenye intaneti, na mwalimu wa Kakamega au mvuvi wa Lamu angaliweza kujumlisha mwenyewe kama angalikuwa na subira. Walalamishi walikwenda mahakamani, na tarehe 5 Septemba majaji wakakubaliana wote kwamba matokeo yasimame.

Subira hiyo ilikuwa na kazi ya kutosha. Vituo vya kupigia kura mwaka ule vilikuwa 46,229. Kama kila kituo kingekosea kura 5 tu, na makosa yote yakaelekea upande mmoja, jumla yake ingefika kura 231,145, yaani karibu sawasawa na tofauti iliyoamua urais. Makosa ya uchovu, ya karani aliyekesha na taa ya mkononi, hayaelekei upande mmoja. Huanguka huku na huku na mwisho wake hufutana. Yanayoelekea upande mmoja yana mwendeshaji. Ndiyo sababu katika matokeo membamba haitoshi kuambiwa kwamba kasoro zilikuwa ndogo. Lazima ionekane zilielekea wapi, na hilo halionekani ila kila fomu iwe mbele ya macho ya kila mtu.

Mifano ya mbali yatia nguvu rai hii. Ghana, katika duru ya pili ya uchaguzi wa 2008, ilimpata John Atta Mills kwa tofauti ya kura 40,586 katika kura kama milioni 9, na kabla ya kumtangaza nchi ilingoja jimbo moja, Tain, lipige kura yake Januari 2009. Nana Akufo-Addo, ambaye katika duru ya kwanza alipungukiwa na chini ya kura 1 katika kila 100 ili ashinde papo hapo, alikubali, na mwaka 2016 akaja kushinda. Somaliland mwaka 2003 tume ilimtangaza Dahir Rayale Kahin kwa kura 80 juu ya Ahmed Silanyo. Silanyo naye, baada ya manung'uniko, alitulia, na mwaka 2010 akashinda, na Kahin akamkabidhi nchi. Katika sehemu zote mbili aliyeshindwa kwa kura chache aliamini kwamba siku nyingine ipo, na imani hiyo ndiyo iliyomkalisha chini.

Lakini mpaka hapa nimesema habari za waliogombea na waliochagua. Yule wa tatu, aliyenyamaza, ana imani gani? Vijana wa miaka 18 hadi 35, ambao ni wengi kupita rika lolote la watu wazima nchini Kenya, walikuwa chini ya 40 katika kila 100 ya daftari la 2022, na idadi yao ilikuwa imepungua kuliko mwaka 2017. Wako waliojiandikisha kijijini na kazi yao iko mjini, na nauli ya kwenda na kurudi ni chakula cha wiki. Wako wasioiamini tume. Wako waliotazama majina ya wagombea, yale yale waliyoyasikia tangu utotoni, wakaona hapana la kuchagua. Kuwaita wote wavivu ni kuwadhulumu. Mtu aliyepiga kura mara tatu, na mara tatu akaona maisha yake hayakusogea hatua, ana hoja, hata kama njia yake ya kuitoa ni kubaki amelala.

Juni 2024 vijana waliingia mabarabarani nchini kote kuupinga muswada wa fedha, bila chama na bila kiongozi. Tarehe 25 waliingia katika majengo ya Bunge, wengi wakapoteza maisha, na siku ya pili yake rais akakataa kuutia saini muswada ule. Hapana awezaye kuthibitisha kwamba waliokuwa barabarani ndio wale waliokosekana vituoni miaka miwili nyuma, wala mimi sidai hivyo. Ninalodai ni kwamba serikali yoyote inayosimama juu ya thuluthi ya daftari, hata ikiwa halali kwa kila herufi ya katiba, ina watu wengi mno nje ya mlango wake ambao haijui wanataka nini, na ambao hawakuwahi kuahidi kwamba watabaki kimya.

Kwa hiyo ningependa matokeo ya urais yasitangazwe kwa hesabu mbili tena. Mwenyekiti wa tume, anaposimama mbele ya taifa, asome kura za mshindi, kura za aliyeshindwa, kisha, kwa sauti ile ile na kwa utaratibu ule ule, asome idadi ya waliokuwa na haki na hawakuja, kaunti kwa kaunti. Daftari lisafishwe kila mwaka, si katika joto la kampeni. Mtu apewe njia nyepesi ya kuhamisha kituo chake kwenda anakoishi. Fomu za vituo ziendelee kuwa wazi, maana zimekwisha kuonyesha kwamba zaweza kuiokoa nchi. Na mshindi aliyepita kwa kura chache azitazame kura hizo kama amana ya watu, akijua kwamba karibu nusu ya waliosema walimkataa, na kwamba wengi zaidi hawakusema kitu.

Siku ya kura jioni, masanduku yanapofunguliwa, kila kituo hubaki na karatasi ambazo hazikutumika. Sheria yataka zihesabiwe, idadi yake iandikwe, zifungwe na kutiwa lakiri, kwa hofu ya wizi. Laiti tungalizihesabu pia kwa sababu nyingine: kila karatasi tupu ilikuwa imechapishwa kwa ajili ya mtu mmoja, mwenye jina na mtaa, na taifa lilikuwa limemngoja tangu alfajiri.